Fahamu: Ukirudia wimbo wa zamani, nani anakudai?

Mwanamuziki asiye na lebo, anayerekodi usiku baada ya kazi ya mchana, anaweza kuzipa zilipendwa sura mpya kwa gitaa na kompyuta tu. Kuupiga wimbo upya ndiyo sehemu nyepesi.

Kisheria, wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Anayeimba na kupiga kila ala upya hagusi rekodi ya zamani, ila utunzi bado una mwenyewe. Akikata kipande cha rekodi hiyo na kukibandika kwenye biti, amegusa zote mbili.

Kenya na Tanzania hulinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Chukua wimbo "Malaika". Fadhili William, anayetajwa sana kuwa mtunzi wake, alifariki 2001. Kwa hesabu hiyo ulinzi unafika 2051. Tena wapo wanaosema mtunzi halisi ni Adam Salim, na mzozo huo haujawazuia wengi kuurudia, tangu mwimbaji Miriam Makeba hadi kundi la Boney M.

Kutaja jina la mtunzi ni adabu njema, lakini si kibali. Kabla ya kuupandisha wimbo mtandaoni, ulizia kwenye ofisi ya hakimiliki: KECOBO kwa Kenya au COSOTA kwa Tanzania.