Ukubwa wa fahali si hakikisho la ndama bora

MFUGAJI wa Mahoo, Taveta, anayenunua fahali kwa kutazama umbo pekee huenda akapoteza fedha zake. Ukuaji wa ng'ombe hutokana na jeni alizorithi kwa wazazi, na pia malisho, maji na afya. Fahali aliyenoneshwa hawezi kuwarithisha ndama unono huo.

Ndiposa wafugaji wa Boran, ng'ombe wa nundu ambao chama cha wafugaji wake nchini Kenya kiliundwa mwaka wa 1951, huweka rekodi za uzani. Ndama waliozaliwa msimu mmoja na kulishwa pamoja hupimwa wanapoachishwa kunyonya. Anayewapita wenzake katika mazingira sawa ndiye anayefaa kuteuliwa. Hata hivyo, asipandishwe mabinti zake, kwani kizazi hicho hudumaa.