Mafundi wa vigari, musiache kazi yenu

Ndugu wachimbaji, mama zetu na vijana wa Kipese, leo tunazungumza juu ya vigari. Hatusemi zile gari za kweli zinazotoka Butembo na mizigo. Tunasema vile vidogo vya waya, vya mbao na vya kopo, ambavyo mwenyewe anavipaka rangi usiku, na mchana anaviweka chini ya kitanda asichekwe.

Maana kuchekwa kuko. Mtoto wa miaka 10 akitengeneza kigari, watu wanamsifu: "Huyu atakuwa fundi!" Akifika miaka 25, bado iko na pense na waya mkononi, wanamwambia: "Weye mukubwa, ungali unacheza na vitu vya batoto?" Wengi wanaacha pale pale. Vigari vinatupwa, na ujuzi wa miaka 15 unatupwa pamoja navyo. Sisi tunaopenda kazi hii tunasema: musiache.

Kwanza, kigari kinafundisha kupima. Muchimbaji hahitaji kuelezwa jambo hilo. Mbao ya kushikilia shimo ikikatwa fupi kwa vidole viwili, haishikilii kitu, na watu wanakufa. Kijana aliyezoea kupima kabla ya kukata, hata kama ni kipande cha bati cha sentimita 3, tabia ile anaibeba mpaka kwenye kazi kubwa. Fundi wa mbao, wa kusudia vyuma, wa karoseri, wote wanaanzia pale. Na tshukudu yetu, inayobeba magunia ya viazi na makaa katika Kivu ya Kaskazini nzima, imechongwa na mikono ya namna ile ile, kwa mbao na mpira. Goma wameisimamishia sanamu katikati ya mji.

Pili, wakubwa wengine walifanya kazi hii na dunia ikawajua. Uingereza, fundi Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake ilikubali tu vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baba akamtengenezea mashine ndogo ya kusindilia barabara. Kutoka pale vikazaliwa vigari vya Matchbox, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1953 na kuenea dunia nzima. Ilikuwa kazi ya baba kwa mtoto wake, si zaidi.

Na hapa kwetu Kongo tuko na Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948. Yeye hakutengeneza gari, alitengeneza miji mizima midogo, kwa kartoni, karatasi, vizibo na makopo. Inasimuliwa kwamba alipopeleka kazi yake ya kwanza kwenye museo ya Kinshasa, hawakusadiki kama ni yake, wakamwambia atengeneze ingine mbele ya macho yao. Akaitengeneza. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu nyuma ya kifo chake, museo kubwa ya New York inayoitwa MoMA ilimfanyia maonyesho yake peke yake. Kartoni na vizibo! Vitu vile vile vinavyotupwa nyuma ya nyumba zetu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: kichwa cha kamio ni kikubwa, magurudumu ni madogo, kasha ni refu kupita kiasi. Mtu anatazama na hajui ni gari gani. Dawa yake ni kuchagua kipimo kimoja na kukifuata mpaka mwisho. Kampuni kama Tamiya ya Japani zimezoea 1/24. Sisi tunapendekeza 1/20, sababu hesabu yake ni nyepesi: kila sentimita 20 za gari ya kweli zinakuwa sentimita 1. Muombe ruhusa kwa dereva, mupime gari yake ikiwa imesimama. Kama urefu ni mita 5 na sentimita 20, kigari kitakuwa sentimita 26. Kama upana ni mita 1 na sentimita 80, kitakuwa sentimita 9. Gurudumu la sentimita 80 litakuwa sentimita 4. Muandike yote kwenye kayee kabla ya kugusa waya.

Hesabu hiyo ya gurudumu inatusaidia sana. Kizibo cha chupa ya bia kina upana wa sentimita 3 na kidogo. Ukigandisha vizibo viwili uso kwa uso, kisha ukavizungushia mpira wa kandambili iliyozeeka, unapata sentimita 4 zako bila shida. Utepe wa chuma unaofunga marobota unafaa kwa ma-lame ya chini ya kamio. Ukifunga waya mrefu kwenye ekisi ya mbele na kuweka usukani juu, mtoto anakiongoza amesimama.

Kwa rangi, tunaomba uvumilivu. Bati isuguliwe na karatasi ya msasa, ioshwe na sabuni, ikauke. Rangi ya kwanza iwe nyembamba. Hapa kwetu kwenye milima kuko baridi na ukungu, rangi inachelewa kukauka, basi ngojeni mpaka kesho yake, ndipo muweke ya pili. Muanze na rangi nyeupe ama manjano, nyeusi ije nyuma. Mafundi wa garaji wanabakiza rangi kidogo chini ya kopo, muwaombe. Taa nyekundu za nyuma, verni ya kucha ya dada inatosha, tone moja kila upande. Na mukitaka kigari kifanane kweli na gari ya barabara zetu, mukoroge udongo laini na gundi kidogo, mupake chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Gari safi kabisa katika majira ya mvua, nani atasadiki?

Kuko jambo ambalo hatuwezi kunyamazia. Vyuma vya kutengenezea vigari, watoto wanaviokota, na kwetu vita imeacha vyuma vibaya. Kitu chochote chenye umbo la risasi, la kombora ama la chupa ya chuma isiyojulikana, mtoto asikiguse, asikirushie jiwe. Aweke alama mbali, akimbie kumwambia mkubwa, na mkubwa apeleke habari kwa chefu. Vilevile nyaya zenye rangi nzuri zinazotoka kwenye baruti za kupasulia mawe: kama ziko na kipande cha chuma kwenye ncha, ni hatari, kinaweza kukata vidole vya mkono. Chupa na karai zilizotumiwa na merkire ya dhahabu zisirudi nyumbani kuwa vitu vya kuchezea, sababu moshi wake unaharibu akili ya mtoto. Na risasi ya ndani ya betri ya gari isiyeyushwe jikoni. Baba muchimbaji, wewe ndiye unayejua vitu hivi zaidi ya mwalimu. Ukae na mtoto, uchambue naye vyuma vyake kimoja kimoja.

Mwisho, mutengeneze vitu munavyovijua. Gari ya mashindano ya Ulaya iko ndani ya kila duka la vitu vya watoto kule. Lakini Fuso iliyojaa magunia na watu juu yake, moto iliyobeba abiria watatu na kidumu cha mafuta, motopompe inayotoa maji shimoni, mashine inayosaga mawe, hivyo nani atavitengeneza kama si ninyi? Familia ngapi zimekimbia na kuacha gari, nyumba na mashamba? Kigari chenye vipimo vya kweli kinaweza kumuonyesha mtoto kesho vile baba yake alisafiri na vile alitafuta chakula.

Likizo kubwa ya Julai na Agosti inatosha kumaliza kigari kimoja. Wale muko wawili ama watatu kwenye avenyu moja, mukutane siku ya Mungu nyuma ya ibada, kila mtu alete chake, hata kama hakijapakwa rangi. Muulizane: gurudumu lako ulilikata namna gani? Mlango wako unafunguka na nini? Na yule anayecheka, mumpe mita, mumuombe aende kupima kamio na kuigawanya kwa 20.