Matembezi ya Marangu na Maumivu ya Kichwa

Marangu, mji mdogo kwenye mteremko wa Kilimanjaro, una vijito baridi, vivuli vya migomba na maporomoko ya Kinukamori. Matembezi ya huko huburudisha mwili na moyo. Lakini apandaye hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720, amevuka mita 2,500, kimo ambacho ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kwa uchache wa oksijeni. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, asiendelee kupanda. Apumzike, na dalili zikizidi ateremke. Akipepesuka, akichanganyikiwa au akihema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, ijapokuwa usiku. Nasi wahudumu tumwulize kila mgonjwa atokaye mlimani: ulilala kimo gani? Mlima hauhami, atapanda siku nyingine.