Ringi za Mambaru Zinabeba Farasi Ngapi?

Pahali popote wasee wa mambaru wamepaki Sato jioni, swali ya kwanza ni ile ile: "Buda, hiyo ndai inatoa farasi ngapi?" Mwenye gari anataja namba kubwa, mbogi inaguna, anakanyagia ndio ekzosi iongee, story imeisha. Hakuna mtu anauliza ringi za pistoni ziko aje. Na manze, hiyo namba yake haiambii ringi chochote. Ringi inaskia joto na presha tu.

Tubonge injini ya EJ20, ju ndo iko kwa hizo Forester na Impreza za turbo zimejaa mtaani. Silinda nne zimelala, mbili huku mbili kule, kila moja upana milimita 92. Kila pistoni imevaa ringi tatu. Ya juu inafungia presha ya moto, ya pili inasaidia huku ikikwangua oili, ya tatu kazi yake ni oili pekee. Ya juu iko na job ingine wasee husahau: kutoa joto kwa pistoni na kuipeleka kwa ukuta ya silinda. Sasa, katikati ya ringi ya juu na ya pili kuna kaukuta kembamba ka aluminiamu. Fundi akikushow "ringi zimeenda", mara mob ringi yenyewe iko sawa. Ni hako kaukuta kamekatika.

Kanakatikaje? Plagi ikishawasha, moto inafaa itembee pole pole mpaka mwisho wa silinda. Lakini busti ikiwa juu sana, joto ikizidi, ama mafuta ikiwa kidogo, petroli yenye iko pembeni haingoji moto iifikie. Inajilipua yenyewe. Hiyo presha inapanda ghafla, inagonga pistoni juu, na kaukuta ndio kanapokea. Pistoni nyingi za kiwanda ni za kumwagwa kwa moldi, zimejazwa silikoni. Sifa zake: hazitanuki sana, hazipigi kelele asubuhi injini ikiwa baridi, zinakaa miaka. Ubaya ni hazipindi, zinavunjika. Za racing zimefinywa na presha kubwa, hizo zikigongwa zinavumilia kidogo. Zako zinapasuka tu.

Kifo ya pili inatoka kwa joto. Ringi sio duara kamili, iko na mwanya mahali ncha zinakutana. Ukiongeza farasi umeongeza joto, na ringi ikipata joto inarefuka, mwanya unaisha, ncha zinasukumana. Hapo ringi inakwama kwa silinda na inavunja pistoni. Ndio maana wenye hujenga injini za turbo huacha mwanya mkubwa kushinda wa kiwanda. Kwa silinda ya milimita 92 utaskia wakibonga karibu nusu milimita. Kiwanda huacha mdogo ju kiwanda inawaza moshi, oili na warranty. Haikuwaza wewe na Thika Road saa nane usiku.

Sawa, namba. Forester turbo ya SG5 ilitoka Japan ikiandikwa farasi 220, Impreza WRX ya wakati huo 250. Wasee wengi wa kutyuni huweka mpaka ya EJ20 yenye haijafunguliwa kwa kama farasi 300 kwenye matairi, na EJ25 ya turbo juu ya hapo kidogo, licha ya kwamba ni hiyo EJ25 inajulikana zaidi kwa kuvunja pistoni, sana sana silinda ya nne. Lakini nishaambia watu: EJ ya 320 yenye imetyuniwa poa itazika ya 260 yenye imewekewa faili ya kudownload.

Na hizo faili ndio ngori. Mtu ameandika mapu akiwa Japan, akitumia petroli yao ya hai-oku, oktani kama 100. Super yetu iko chini ya hapo. Gari ni ile ile, mapu ni ile ile, mafuta imeshuka, na sasa injini inajilipua kitu kidogo kila ukikanyaga. Huwezi hata skia, ju ekzosi yako inapigia estate mzima kelele.

Alafu kuna hii ya kwenda Coast. Nairobi tuko juu, kama mita 1,700, na hewa inatusukuma na psi kama 12. Mombasa ni karibu 15. Ukiwa umefunga kale kafungulio ka busti ka springi, geji itasoma 14 kote kote. Lakini Nairobi silinda inameza 26, Mombasa inameza 29, na kule hewa ni moto. Gari imekimbia fiti mwaka mzima Westlands, ikifika Nyali inaanza kutoa moshi ya blue. Msee analaumu petroli ya Mtito Andei.

Ringi ikishaanza kuvuja, inajimaliza yenyewe. Presha inashuka chini kwa oili, inapuliza mvuke ya oili irudi kwa hewa ya kuingia injini, na oili ikichanganyika na petroli inashusha oktani. Oktani ikishuka, milipuko inaongezeka. Kale kakopo ka kushika oili wasee huweka ndio boneti ikae na form, kanasaidia kweli. Ni mojawapo ya vitu vichache vya luku vyenye viko na kazi.

Kwa hivyo kama unanunua turbo ya mkono ya pili, ama unataka kufungulia busti, pima kwanza. Fundi akipima kompreshoni, usishtuke silinda zote nne zikiwa chini ya kitabu. Kitabu iliandikiwa usawa wa bahari. Shtuka moja ikiachwa na zingine kwa zaidi ya asilimia kumi. Poa zaidi ni kupuliza hewa ya kompresa kwa silinda, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefunga, alafu mskize inatokea wapi. Ikitokea kwa ekzosi, ni valvu. Ikitokea mahali pa kumwagia oili, ni ringi ama kaukuta kameenda. Na kama mwenye kuuza anakushow eti gari haiwezi funguliwa plagi ju "imetulia hivyo", rudi home na mat, na doo yako mfukoni.