Valvu ya Usalama: Ifunguke kwa Wakati, Ijifunge kwa Wakati

Wewe wa Upareni unaijua ndiva. Usiku maji ya mfereji huingia ndivani na kujaa. Asubuhi kizibo huzibuliwa, maji huenda mashambani. Lakini mvua kubwa ikinyesha na maji yakazidi, inakuwaje? Kama ndiva ina njia ya kumwaga maji ya ziada, ukuta husalimika. Kama njia hiyo imezibwa na takataka, maji hubomoa ukuta. Hapo tena watu huitwa msaragambo kuanza kazi upya, na huku mahindi yanakauka.

Mvuke nao ni hivyo hivyo. Ukifungiwa, lazima uwe na njia ya kutokea. Njia hiyo inaitwa valvu ya usalama. Ni kilango kidogo kinachofunguka chenyewe na kujifunga chenyewe.

NGUVU YA MVUKE

Chemsha maji katika sufuria ya kawaida. Utaona mvuke unainua kifuniko na kutoka. Sasa fikiri kifuniko hicho kimekazwa kabisa. Moto unaendelea, mvuke unaongezeka, lakini nafasi ni ile ile. Mvuke unasukuma pande zote. Msukumo huo tunauita presha.

Hebu tupige hesabu. Katika sufuria ya presha, mvuke husukuma kwa nguvu ya kilo 1 hivi kwa kila sentimita 1 ya mraba. Kifuniko chenye upana wa sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314. Basi kinasukumwa kwa nguvu ya kilo 314. Ni kama magunia matatu ya mahindi, ya kilo mia mia, na bado inazidi!

Nguvu hiyo ina faida. Mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Tanga, pwani, huchemka kwenye nyuzi 100. Ndiyo maana makande ya milimani hula kuni nyingi. Ndani ya sufuria ya presha maji hufika karibu nyuzi 120, na maharage huiva upesi.

Viwandani mvuke hutengenezwa katika chombo kikubwa cha chuma kiitwacho boila. Kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini karibu na Moshi, huchoma makapi ya miwa kupata mvuke, na mvuke huo huzalisha umeme. Presha ya boila hupita ya sufuria mara nyingi sana.

Wazee wa Same wanakumbuka garimoshi za mvuke katika reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Garimoshi imesimama stesheni, mara mvuke mweupe unatoka juu kwa kishindo. Watoto walikimbia. Lakini garimoshi haikuwa imeharibika. Valvu ya usalama ilikuwa kazini.

INAVYOFUNGUKA

Valvu ya boila ina kisahani cha chuma kilichokalia tundu. Juu ya kisahani kuna springi nene inayokikandamiza. Chini yake mvuke unasukuma. Springi inasema, "Kaa!" Mvuke unasema, "Nipishe!"

Tuseme springi imekazwa kwa kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Presha ikiwa 8 au 9, springi inashinda. Ikifika 10, nguvu zinalingana, na mvuke kidogo unaanza kupenya. Ikizidi hapo kidogo tu, kisahani kinaruka juu ghafla. Kwa nini ghafla? Mwanzoni mvuke uligusa sehemu ya katikati ya kisahani tu. Kilipoinuka, ukagusa hadi pembeni. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa kidole. Ukipata upenyo, anaingiza bega zima.

INAVYOJIFUNGA

Mvuke unatoka, presha inashuka. Je, valvu itajifunga presha ikirudi 10? Hapana. Mvuke bado umeweka bega mlangoni. Lazima presha ishuke zaidi, labda hadi 9 na nusu, ndipo springi ishinde.

Usidhani huo ni uvivu. Kama ingefunguka na kujifunga kwenye presha ile ile, kisahani kingegonga-gonga bila kupumzika. Mwishowe kingechakaa na kuvuja. Kwa hiyo valvu nzuri hufunguka mara moja, hushusha presha ya kutosha, kisha hujifunga kabisa.

MIKASA MIWILI

Mwaka 1831 huko Marekani kulikuwa na garimoshi iliyoitwa Best Friend of Charleston. Mfanyakazi wake wa kuchochea moto alichukizwa na kelele za mvuke, akaizuia valvu isifunguke. Kelele zikaisha. Baadaye boila ikapasuka, na mfanyakazi huyo akafa.

Mwaka 1979, huko huko Marekani, valvu ilifunguka vizuri katika mtambo wa umeme wa nguvu za nyuklia wa Three Mile Island. Lakini ilikwama, haikujifunga. Taa iliwaonyesha wafanyakazi kwamba valvu imeamriwa kujifunga. Wao wakadhani imejifunga kweli. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza mtambo yalipotea, na karibu nusu ya kiini chake ikayeyuka.

Mmoja aliizuia valvu isifunguke. Wengine waliamini taa bila kuhakikisha. Yote mawili ni hatari.

TURUDI JIKONI

Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin alitengeneza sufuria ya presha ya kwanza, akaiwekea valvu yenye uzito juu yake. Nyingi za leo bado zina kizito kidogo juu ya kifuniko. Presha ikizidi, kizito kinainuka na kupiga mluzi. Ikipungua, kinarudi chini.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye bidii, alidhani mluzi ule ni hasara. Akafunga kizito kwa waya "ili mvuke usipotee." Kifuniko kilirushwa hadi kwenye bati, na makande ya moto yakamchoma mkono na bega. Alipona, lakini msimu ule hakushika jembe. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyemweleza kwamba mvuke ule unaotoka ndio unaomlinda.

Basi tushike haya:

1. Kabla ya kupika, inua tundu la valvu kwenye mwanga. Usipoona mwanga, lisafishe. Ganda moja la harage linatosha kuliziba.

2. Ukipika maharage au makande, usijaze sufuria zaidi ya nusu. Huvimba na kutoa povu.

3. Usiweke jiwe, waya wala kijiti juu ya kizito.

4. Usilazimishe kifuniko kufunguka. Epua, ngoja presha iishe kabisa.

5. Ukifanya kazi penye boila, usiguse springi ya valvu. Ukiona imefungwa au inavuja siku zote, toa taarifa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakulinda wewe mfanyakazi.

Ndugu msomaji, njia ya maji ya ndiva tunaisafisha kabla ya mvua. Na valvu tuikague kabla ya moto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini valvu hujifunga kwenye presha ndogo kuliko ile iliyoifungua?

2. Wafanyakazi wa Three Mile Island walikosea wapi?

3. Nani nyumbani kwako anatumia sufuria ya presha? Utamweleza nini leo?