Nambari nne za kujua kabla ya kulipia gurudumu la polishi

Gurudumu la polishi likiisha, kazi inasimama. Rimu za matatu ziko sakafuni nusu zimeng'aa nusu bado, na mteja wa reli za stenlesi kule Milimani amepiga simu mara mbili. Fundi anachukua simu na kupigia duka Nairobi. Anaulizwa, "Unataka ya inchi ngapi?" Anajibu, "Sita." Anatumiwa bei, anatuma pesa, na jioni parceli inafika stendi ya Nakuru. Kufungua, gurudumu ni la inchi sita kweli, lakini tundu la katikati haliingii kwa shafti.

Hapo pesa imeshaenda. Kurudisha mzigo ni nauli nyingine, na mteja hangoji. Kwa hivyo wengi hufanya jambo hatari: wanapanua tundu kwa drili, ama tundu likiwa kubwa wanalijaza kipande cha mpira au bati, wanakaza nati na kuwasha stima.

Sisi kazi yetu ni malipo, si kuuza magurudumu. Lakini malipo mazuri huanza kabla ya kuweka PIN. Ukinunua kitu cha kuzunguka kwa kasi, kosa la oda halikugharimu shilingi tu, linaweza kukugharimu jicho. Ndiyo maana leo tunakuletea nambari nne. Ukiwa nazo zote, lipa. Ukikosa hata moja, ngoja kwanza.

Nambari ya kwanza: kasi ya mashine

Angalia ubavuni mwa grainda yako ya mezani. Kuna kabamba kadogo ka chuma, mara nyingi kamefunikwa na vumbi na grisi. Kafute. Utaona herufi RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Stima yetu Kenya ni ya volti 240 na hezi 50, na grainda nyingi za mezani zinazotumia stima hiyo huandikwa kati ya 2,800 na 2,950.

Ukikuta 3,450 ama 3,600, inawezekana ni mashine ya mtumba iliyotengenezewa stima ya hezi 60, kama ya Marekani. Hiyo mara nyingi pia ni ya volti 110 au 120. Usiichomeke ukutani kabla ya kuongea na fundi wa stima.

Gurudumu jipya nalo lina RPM yake, iliyoandikwa kwenye lebo au pakiti. Hiyo ndiyo kasi ya juu kabisa linayoweza kustahimili. Sheria ni moja: nambari ya gurudumu lazima iwe sawa na ya mashine au iizidi. Tuseme gurudumu limeandikwa 2,500 kwa sababu lilitengenezwa kufungwa kwa drili, na grainda yako ni 2,850. Usilinunue, hata kama bei ni tamu.

Na je, kama halina lebo kabisa? Basi hujui unachonunua, na muuzaji pia hajui anachouza. Tafuta lingine.

Nambari ya pili: kipenyo

Kipenyo ni upana wa gurudumu kutoka ukingo hadi ukingo. Grainda nyingi za mezani kwenye karakana zetu ni za milimita 150, ile inchi sita tunayoijua, au milimita 200, yaani inchi nane. Usipime gurudumu la zamani ukaishia hapo, kwa sababu limeshalika na kupungua. Soma kabamba ka mashine.

Watu hudhani gurudumu kubwa kidogo halina shida bora liingie. Hebu tupige hesabu. Gurudumu la milimita 150 likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakimbia kama kilomita 80 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ambayo matatu hufungiwa na kidhibiti mwendo. Sasa funga la milimita 200 kwa mota hiyo hiyo. Mota haijaongeza mwendo, lakini ukingo sasa unakimbia kama kilomita 107 kwa saa. Umeongeza kasi bila kugusa swichi. Tena mota ndogo itazidiwa na uzito na kupata moto.

Kwa sababu hiyo hiyo, usichukue gurudumu la grainda ya mezani ukalifunga kwa grainda ya mkono. Grainda za mkono ndogo nyingi huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Lile gurudumu la milimita 150 hapo lingekimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kitambaa na uzi wa kushonea havikuundwa kuvumilia hilo.

Nambari ya tatu: tundu la katikati

Hii ndiyo inayokula pesa za watu, kwa sababu kwa simu hakuna anayeiuliza. Magurudumu mawili yanaweza kuwa ya inchi sita yote, moja likawa na tundu la milimita 12.7, yaani nusu inchi, na lingine la milimita 16 au 20 au 32.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha fungua nati. Hapa wengi hukwama: ukiwa umesimama mbele ya grainda, nati ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa kama kawaida, lakini ya kushoto imechongwa kinyume, kwa hivyo hufunguka kwa kufuata saa. Ukilazimisha, utaharibu nyuzi za shafti.

Pima unene wa shafti kwa venia. Huna venia? Omba jirani, karakana haikosi mtu mwenye nayo. Rula peke yake haitoshi kutofautisha milimita 15 na 16. Tundu likiwa kubwa kuliko shafti, kuna ringi maalum za kupunguza tundu, na zinauzwa. Hizo ni sawa zikikaa bila kucheza. Kipande cha mpira wa tyubu si ringi. Gurudumu ambalo halikukaa katikati sawasawa hutetemeka, nati hulegea, na siku moja linaondoka.

Nambari ya nne: unene

Pima urefu wa sehemu ya shafti inayobaki kati ya washa ya ndani na nati. Gurudumu nene mno halitaiachia nati nyuzi za kutosha kushika. Jembamba mno nalo halitabanwa vizuri. Nati ikishakazwa, shafti inapaswa kujaza nyuzi zote za nati. Kama hazijai, gurudumu hilo si lako.

Na aina je?

Nambari zikikubali, sasa uliza kazi yenyewe.

Gurudumu la mkonge ni kali. Linafaa kuondoa mikwaruzo kwenye chuma na stenlesi kabla ya kung'arisha. Mkonge huu ni ule ule unaouona mashambani Mogotio ukipita barabara ya kwenda Marigat. Nyuzi zake ngumu hushika dawa na kukata haraka.

Gurudumu la pamba lililoshonwa ni la katikati. Angalia mistari ya uzi: ikiwa karibu karibu gurudumu ni gumu na linakata zaidi, ikiwa mbali mbali ni laini. Hili ndilo la kazi nyingi za alumini na shaba.

Gurudumu la pamba lisiloshonwa, ambalo limeshikwa katikati tu, ni la mwisho kabisa, la kutoa ule mng'aro wa kioo. Ukilianzia kazi mbovu, utalimaliza bure na mikwaruzo itabaki.

Kuna pia felti, yaani sufu iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu. Hiyo ni ya sehemu bapa na kona ambazo hutaki zipoteze umbo.

Kila gurudumu lina dawa yake, kile kipande kigumu kama sabuni unachopaka likizunguka. Kwa kawaida nyeusi ni ya kukata chuma, ya kahawia ni ya alumini na shaba, ya kijani ni ya stenlesi, na nyekundu ni ya dhahabu na fedha. Rangi zinaweza kutofautiana kwa watengenezaji, kwa hivyo muulize muuzaji ni ya kazi gani. Na usichanganye: gurudumu moja, dawa moja. Ukipaka ya kijani juu ya nyeusi, ile kali itaendelea kukwaruza na utashangaa kwa nini stenlesi haing'ai.

Sasa tuongee malipo

Una nambari nne na unajua aina. Hivi ndivyo tunavyoshauri ununue, hasa kama duka liko mbali nawe, uwe Nakuru mjini, Molo, Gilgil ama Subukia.

Kwanza, tuma picha mbili: ya kabamba ka mashine, na ya shafti ikiwa imepimwa kwa venia. Halafu andika nambari zote nne kwenye ujumbe mmoja. Picha huondoa ubishi wa "wewe uliniambia sita."

Pili, omba picha ya lebo ya gurudumu lenyewe, si ya katalogi. Sema hivi: "Boss, nitumie picha ya hilo utakalonipakia, nione RPM na tundu." Muuzaji mzuri hatakasirika. Anayekwambia "tuma pesa kwanza, picha baadaye" ameshakujibu.

Tatu, uliza kuhusu kurudisha kabla ya kulipa, na uulize kwa maandishi: "Tundu likikosea na nyinyi ndio mlikosea, nauli ya kurudisha ni ya nani?" Jibu likiwa kwenye simu yako, una pa kushika.

Nne, lipa kwa namba ya till ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Ukishaingiza namba na kiasi, jina huonekana kabla hujamaliza. Lisome. Kama umeongea na duka la hadwea na jina linalokuja ni la mtu usiyemjua, simama. Piga simu uulize. Dakika mbili za kuuliza ni nafuu kuliko wiki mbili za kufuatilia.

Tano, ukikosea namba, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo na usingoje jioni. Pesa ambazo bado hazijatolewa ni rahisi kuzuia kuliko zilizotolewa kwa wakala. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuomba PIN ili akurudishie pesa. Akiomba PIN, kata simu.

Sita, mzigo ukifika, fungua hapo hapo ofisi ya parceli kabla hujaondoka. Linganisha lebo na picha uliyotumiwa. Ukikuta si lenyewe, piga picha na umtumie muuzaji papo hapo.

Usifute ule ujumbe wa malipo

Ule ujumbe una tarehe, kiasi na jina la duka, na unaweza kukuonyesha kama bei rahisi ni rahisi kweli. Tuchukue mfano tu: gurudumu la shilingi 500 limepiga polishi rimu 20 likaisha. Hiyo ni shilingi 25 kwa kila rimu. La shilingi 900 limefika rimu 60. Hiyo ni shilingi 15. Lililoonekana ghali ndilo la bei nafuu. Andika kwenye daftari idadi ya kazi, na taarifa yako ya malipo itakukumbusha tarehe ya kila gurudumu. Baada ya matatu manne utajua lipi linakulipa, na utajua kumwambia mteja bei isiyokuumiza.

Kabla ya kuwasha

Vaa miwani ya kukinga macho. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana akinge mashine na macho ya wafanyakazi, hata kama mko wawili tu. Kunja mikono ya shati, vua cheni, funga nywele, na usivae glavu za kulegea. Ondoa kile kibao cha kuegemezea kazi mbele ya gurudumu, kwa sababu kitu kikinaswa kati yake na gurudumu hakitoki salama. Kinga ya juu iache mahali pake.

Washa gurudumu jipya ukiwa umesimama kando, si mbele, na uliache lizunguke dakika moja bila kazi. Likitetemeka, zima. Ukianza, shika kazi chini ya katikati ya gurudumu, ukingo wake ukielekea chini, ili likinasa liitupe chini na si usoni. Na kama mashine hiyo hiyo huwa unasagia chuma, fagia vumbi la alumini kwanza. Cheche za chuma zikikutana na vumbi hilo, linaweza kushika moto.

Una fundi kwenye chama chenu anayeagiza vifaa kwa simu? Mtumie makala hii kabla hajatuma pesa. Kasi, kipenyo, tundu, unene. PIN ndiyo ya mwisho.