Kukodi Chombo au Kununua? Neno kwa Watu wa Amani Wanaoitazama Bahari

Katika nyumba nyingi za Amani, Muheza na vijiji vya kando yake yuko kijana mmoja aliyeshuka pwani. Alikwenda Tanga kutafuta kazi, akaishia Kigombe au Moa, akajifunza kuvuta nyavu, na sasa amepanda mlima na habari: iko mashua inauzwa, bei si mbaya, na mwenyewe ana shida ya fedha. Baba anazo fedha za iliki au za machungwa, pengine amezitunza kwa ada ya shule ya wadogo. Mama ananyamaza. Jioni hiyo ndipo swali linapozaliwa, tena ni swali la nyumba nzima: tununue chombo chetu, au kijana aendelee kuvua katika chombo cha kukodi?

Swali hili limewasumbua hata matajiri. Mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani, baada ya kuwinda katika nchi yetu, alikwenda kuvua samaki wakubwa Malindi kwa chombo cha kukodi. Alipofika kwao, mwezi wa Aprili mwaka ule ule, aliagiza huko Brooklyn chombo chake mwenyewe cha futi 38, akakiita Pilar, kwa bei ya dola 7,500 hivi. Lakini huyo alivua kwa kujifurahisha, na sehemu ya fedha alipewa kabla ya kuandika makala zilizomfanya alipwe. Sisi tunasema na mtu ambaye samaki wasipopatikana, mtoto atarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Basi tuangalie kwanza kukodi kwenyewe, maana watu husema neno moja wakiwa na mambo mawili moyoni. Kuna kukodi kwa fedha taslimu: mwenye chombo anataka kiasi fulani kwa kila safari, ukipata samaki usipate. Na kuna kuvua kwa mafungu. Hii ndiyo desturi ya pwani yetu tangu zamani. Samaki wanauzwa mnadani, Deep Sea pale Tanga au penginepo, kwanza yanatolewa mafuta, barafu na chakula cha mabaharia, kinachobaki kinagawanywa. Mara nyingi nusu huenda kwa tajiri, yaani mwenye chombo, mashine na nyavu, na nusu hugawanywa kwa nahodha na watu wake. Mahali pengine chombo kina fungu lake, mashine fungu lake na nyavu fungu lake. Kila bandari ina kawaida yake, na yafaa kuiuliza kabla ya kupanda, si baada ya kushuka.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Mwezi una siku 29 au 30. Wavuao dagaa kwa taa hupumzika wakati wa mbalamwezi, juma zima au zaidi. Toa Ijumaa, kwa sababu mabaharia wengi wa pwani ni Waislamu na siku hiyo hukaa na jamaa zao, tena ni haki yao. Toa Jumapili yako wewe. Toa siku za upepo mkali na siku ya mashine kukataa kuwaka. Usistaajabu zikibaki safari 15. Tuseme katika hizo, safari 10 zinaleta mauzo ya shilingi 500,000 kila moja, na safari 5 chombo kinarudi kitupu. Mauzo ni 5,000,000. Matumizi ya kila safari ni 200,000, na bahari haisamehi mafuta ya siku tupu. Basi safari 15 zimekula 3,000,000. Zimebaki 2,000,000. Nusu ya mabaharia ni 1,000,000, na yako 1,000,000.

Mtu wa mlimani akisikia milioni kwa mwezi huona ametajirika. Asikimbilie kusherehekea. Katika hiyo milioni kuna nyuzi za kushona nyavu, mlinzi wa usiku, fundi wa mashine, ada za leseni, na akiba ya mashine nyingine, kwa kuwa hii ya sasa itakufa tu, hata kama ni Yamaha mpya. Isitoshe, huo ni mwezi mwema. Kusi ikianza kuvuma kwa nguvu, hasa Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo hukaa nyuma ya mwamba na vingine havitoki kabisa. Chombo kilicholala mchangani hakiachi kula. Aliyekopa kwa riba hulipa riba ya kusi sawasawa na riba ya kaskazi.

Kwa maoni yetu hapo ndipo jambo hili linapoamuliwa. Watu huuliza bei ya chombo, na bei huonekana siku moja tu. Siku za kukaa bure huonekana mwaka mzima. Avuaye kwa mafungu katika chombo cha mwingine, siku hizo hapotezi kitu ila jasho lake, anaweza hata kupanda Amani kupalilia iliki. Akodiye kwa fedha taslimu yuko katikati, na hali yake ni ngumu kuliko anavyodhani. Tukirudi kwenye mfano wetu, mtu akikodi kwa 60,000 kila safari na nyavu ni zake, safari 15 zitamtoka 900,000. Kutoka katika milioni yake atabaki na laki moja. Kukodi kwa namna hiyo kunamfaa tu anayeijua bahari hata safari tupu ziwe chache sana.

Lakini haki itendeke pande zote. Chombo cha kukodi kina maudhi yake. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na nguru wakawa wengi, mwenyewe hukitaka chombo chake, au hukipandisha bei. Anayekodi hana moyo wa kukitunza, na mwenyewe hana haraka ya kukitengeneza. Basi hutoka kikivuja, na kijana wako ndiye anayekumba maji usiku. Tena mkondo wa Pemba si mahali pa kucheza: maji yanapita kina cha meta 700, na mbali huko, wanakopatikana jodari na sulisuli, mashine ikizimika hakuna wa kumwita. Ukikodi, hutachagua mashine, wala hutajua ilifunguliwa lini. Mwenye chombo chake anaweza kuamua kuwa hakitoki bila koti la kuokolea kwa kila mtu na bila mashine ya akiba au tanga. Hii peke yake imewafanya watu wenye akili wanunue.

Kwa mtu wa Amani, hata hivyo, iko hatari nyingine ambayo mtu wa Sahare hana. Siku ya anga safi, ukisimama kwenye matuta ya mashariki ya Usambara, bahari inaonekana. Chombo chako hakionekani. Chini huko usiku kinaweza kuazimwa, kinaweza kupeleka magendo, kinaweza kubeba baruti. Pwani ya Tanga iliumizwa sana na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi. Ulikatazwa zamani, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza vile vile. Chombo kikikamatwa katika kazi hiyo kinaweza kutaifishwa, na wewe uliye mlimani utasema hukujua. Katika Injili ya Marko twasoma habari za Zebedayo, aliyekuwa na chombo na watu wa mshahara. Wanawe walipomfuata Bwana, yeye alibaki chomboni. Yaani mwenye mali alikuwa ndani ya mali yake. Kama hakuna wa damu yako atakayekaa ndani ya chombo, au nahodha unayemwamini kama ndugu, usinunue.

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa wanajua miti, wanajua na vyombo. Ni kweli watu wa Amani wameishi na miti. Chuo cha utafiti cha Wajerumani kilianzishwa huko mwaka 1902 kwa ajili ya mimea, na misitu ile ilikatwa mbao kwa miaka mingi kabla ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kuanzishwa mwaka 1997. Lakini ubao wa mvule ukiwa mlangoni ni kitu kimoja, na ukiwa majini ni kingine. Baharini kuna wadudu wanaotoboa mbao kimya kimya. Kwa hiyo chombo cha mbao hupandishwa pwani mara kwa mara, hukwanguliwa, huchomwa tumboni kwa moto wa makuti makavu, hutiwa kalafati ya pamba na mafuta, kisha hupakwa tena. Asiyefanya hivyo hununua mashua na baada ya miaka michache huuza kuni. Vyombo vya faiba havina adha hiyo, lakini vikipasuka fundi wake si kila kijiji anapatikana. Serikali imekuwa ikitoa boti za namna hiyo kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Kikundi kilichosajiliwa kina nafuu ya kuuliza kwa afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani.

Iko njia ya katikati ambayo twaipenda kuliko zote mbili. Usinunue chombo, nunua nyavu. Jarife nzuri iliyo halali, ikiwekwa katika chombo cha mtu mwaminifu, ina fungu lake katika kila mgawo. Kijana wako yuko ndani na nyavu zako, anapata fungu la baharia na nyumba inapata fungu la nyavu. Papa akizipasua ni hasara, lakini ni hasara ya kushonwa. Fanya hivyo mwaka mmoja kamili, kusi na kaskazi, na kila mgawo uandikwe katika daftari. Mwisho wa mwaka daftari litaonyesha safari ngapi zilitoka, ngapi zilirudi tupu, na kama kijana anaweza kutunza fedha. Baba asiyeonyeshwa daftari amekwisha kupata jibu lake.

Na daftari hilo mama alione. Tumewaona wajane walioambiwa siku ya arobaini kwamba mashua ilikuwa ya shemeji, kwa kuwa fedha zilitoka mkononi kwa mume na leseni ikaandikwa jina la nduguye wa pwani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua kazi ya mke katika mali waliyoichuma pamoja, lakini mahakama hutaka kuona karatasi. Iandikwe nani ametoa nini, fungu lake ni lipi, na nyavu zikipotea nani atalipa. Mashahidi wawili, mmoja wa mlimani na mmoja wa pwani.

Ikiwa mwaka umepita, daftari ni jema, na bado mnataka kununua, nendeni kukitazama chombo wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa na chombo kimelala upande. Mchukueni fundi asiye jamaa ya muuzaji. Agonge mkuku kwa nyundo kutoka omo hadi tezi akisikiliza, achome kisu penye maungio ya mbao, atazame mataruma ndani chini ya sakafu ambako maji hukaa. Kisha mashine iwashwe ikiwa baridi, mbele yenu. Mkiikuta ina moto kabla hamjaigusa, muulizeni muuzaji iliwashwa kwa sababu gani.